Siku moja maishani mwangu: kilele kimetokea, ila ncha ya pili inasemaje?

Saa 1 asubuhi, Delft, Uholanzi. Kabla hata ya chai naangalia friji yetu kwenye simu, hii inapooza kwa mchanganyiko wa heliamu-3 na heliamu-4 mpaka karibu milikelvini 20, yaani juu kidogo tu ya sifuri halisi, usiku haijapanda, alhamdulillah.

Saa 3 niko maabara, tunamtafuta Majorana, yaani hali ya elektroni inayofanya kama chembe iliyo antichembe ya nafsi yake. Waya wetu ni wa indiamu antimonaidi, unene kama nanomita 100, ubavuni umevikwa alumini. Alumini ikipoa hivo inapitisha umeme bila ukinzani, na waya ulioshikana nayo unaambukizwa tabia hiyo. Sasa ukiongeza uga sumaku wa kutosha nadharia inasema waya unageuka kuwa wa kitopolojia, yaani hali nyingine kabisa ya umeme, na kila ncha inakaa Majorana mmoja, nishati sifuri kabisa.

Saa 5 na nusu, tesla 0.7, kilele cha upitishaji umeme, dalili ya Majorana, hicho hapo katikati kabisa kwenye volteji sifuri! Mikono inanitetemeka jamani. Kilele kama hiki ndo kilitangazwa hapahapa Delft 2012, dunia nzima ikasisimka. Mwenzangu wa meza ya pili anaangalia skrini, anauliza kitu kimoja tu, ncha ya pili inasemaje?

Na yuko sahihi, manake hali za kawaida za Andreev, za elektroni zilizonaswa tu ndani ya waya na sio Majorana, nazo zinaweza kukaa kwenye sifuri, uchafu kidogo tu ndani ya waya au volteji ya geti, ile elektrodi ya kurekebishia waya, ikipanda taratibu pale nchani inatosha. Ile makala ya 2018 iliyodai kilele chenye kimo kamili cha 2e²/h, kile nadharia inachotabiri kwa Majorana, waandishi wenyewe waliiondoa 2021. Mimi naamini kabisa ukionyesha kilele onyesha na data yote, hata zile skani ambazo hakipo.

Saa 8 mchana ncha ya pili, kimya. Nasogeza geti milivolti chache, kilele kinapasuka viwili.

Saa 10 tunapima toka ncha hadi ncha, volteji inaingia kushoto tunasoma mkondo kulia, hapo ndo unaona tumbo la waya lenyewe, pengo la nishati lilitakiwa lifunge halafu lifunguke tena. Letu limefunga, halikufunguka. Basi ni Andreev. Imeniuma, sitadanganya, miezi minne ya kuutengeneza huu waya.

Saa 1 usiku mama anapiga toka Tanga, umekipata? Bado mama, ila hiki sio chenyewe nimeshajua. Haya mwanangu, umekula?

Saa 3 usiku, kwenye chipu kuna waya mwingine, nimeuwekea skani ya usiku kucha, safari hii ncha zote mbili kwa pamoja.