Kutoka Mbezi Luis hadi Coco, nikifuata makutano

Dar es Salaam ina barabara kuu nne zinazotoka katikati ya mji kama vidole: Bagamoyo kwenda kaskazini, Morogoro kwenda magharibi, Nyerere, ambayo wazee bado wanaiita Pugu, kwenda uwanja wa ndege, na Kilwa kwenda kusini. Inayozikata zote nne kwa nje ni barabara moja tu, Sam Nujoma kutoka Mwenge hadi Ubungo, kisha Mandela kutoka Ubungo hadi bandarini. Mtu wa Tegeta anayekwenda Temeke na lori la shaba lililotoka Kongo wanakutana humo humo. Ndiyo maana Mwenge, Ubungo, Tazara na Uhasibu ni majina ya makutano ambayo kila mkazi wa Dar huyataja akieleza kwa nini amechelewa. Kwa miaka mingi nilikuwa nayapita nikiwa nimesinzia kwenye kiti. Safari hii nilitaka kuyapita nikiwa macho.

Basi la mkoani lilinishusha Stendi ya Magufuli, Mbezi Luis. Kutoka pale kuelekea Kimara, Barabara ya Morogoro ina njia nane, sehemu ya upanuzi wa kilomita 19.2 kati ya Kimara na Kibaha. Ni barabara pana kweli, na lori la mizigo halimzuii tena mtu anayewahi kazini. Lakini siwezi kupita pale nikasifu lami peke yake. Mwaka 2017 nyumba za pembeni zilipigwa alama ya X nyekundu, kisha yakaja magreda. Serikali ilisema zimo ndani ya hifadhi ya barabara, mita 121.5 kutoka katikati; wenye nyumba walibishana nayo hadi mahakamani. Kuna watu waliozeeka ndani ya nyumba hizo. Upana ninaoufurahia mimi abiria uliwagharimu wao maisha yao yote ya kujenga, na hilo linapaswa kusemwa kila tunapohesabu njia.

Kimara nilipanda mwendokasi. Mabasi haya yalianza kazi Mei 2016, kwenye mtandao wa kilomita 21 kutoka Kimara hadi Kivukoni, pamoja na matawi ya Kariakoo na Morocco. Yana njia yao katikati ya barabara, na ukiwa ndani unayaona magari madogo pembeni yamesimama huku wewe unakwenda. Basi lilikuwa limejaa hadi mlangoni, tukasukumana kama kawaida, ila lilitembea. Kwa maoni yangu, hakuna kilichojengwa Dar kwa ajili ya foleni chenye maana kuliko njia hiyo ya basi, hata ukizijumlisha barabara zote za juu.

Nilishuka Ubungo. Wanaoikumbuka Ubungo mataa wanajua ilivyokuwa: mabasi ya mikoani yakitoka stendi, malori ya bandari, daladala, wauza maji na karanga kati ya magari, na trafiki akishika upande mmoja mpaka watu wanashuka na kutembea. Machi 2017 liliwekwa jiwe la msingi la barabara za juu, kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Mwaka huo huo ikaamriwa sehemu ya jengo la makao makuu ya shirika la umeme, TANESCO, lililokuwa ndani ya hifadhi ya barabara, ibomolewe. Februari 24, 2021 Rais Magufuli akafungua daraja la ngazi tatu, likapewa jina la Balozi John Kijazi, Katibu Mkuu Kiongozi, mhandisi, aliyekuwa amefariki wiki moja kabla. Nilisimama chini yake kwa muda mrefu. Juu magari yanapita bila kujuana na yaliyo chini. Chini, wenye miguu wanatafuta pa kuvukia kati ya nguzo, mama mmoja akiwa na mtoto mgongoni na ndoo kichwani, akingoja dereva mmoja amhurumie.

Daladala ya Mandela ilinipeleka Riverside, External, Tabata Relini. Jirani yangu wa kiti alikuwa mzee. Nilimsalimia shikamoo, akaitikia marahaba, akaniuliza mbona nachungulia dirishani kama mgeni. Nilipomweleza akacheka, akasema aliwahi kuendesha lori barabara hii hii ilipoitwa Port Access. "Ubungo nilikuwa nazima injini, mwanangu. Nashuka nakunywa chai, narudi, na gari la mbele liko pale pale." Nikamuuliza kama sasa ni nafuu. "Ubungo ni nafuu," akasema. Wakati huo tulikuwa tumesimama Buguruni Sheli, kwenye mataa, na konda alikuwa ameshashuka kunyoosha miguu.

Hapo ndipo penye somo la safari nzima. Magari yaliyokuwa yakizuiwa Ubungo sasa yanafika Buguruni mapema zaidi, na Buguruni ni mataa. Ukilifungua fundo moja kwenye barabara inayobeba mji mzima, fundo linalofuata linakazwa. Tazara ndiyo iliyotangulia kufunguliwa: daraja la Mfugale, la juu la kwanza nchini kwa magari kupishana hivyo, lilijengwa kwa msaada wa Japani na kuzinduliwa Septemba 27, 2018. Linabeba Barabara ya Nyerere juu ya Mandela. Jina ni la Patrick Mfugale, mhandisi aliyeongoza TANROADS, wakala wa barabara. Tulipita chini yake bila kusimama, tukakata kushoto kuelekea mjini, na raha hiyo ikadumu mpaka tulipokaribia Chang'ombe.

Baada ya Kamata, huku reli ya SGR ikipita juu kwenye nguzo zake, mji wa zamani unaanza na barabara zinakuwa nyembamba. Nilishuka nikaenda kwa miguu hadi kipilefti cha Mnara wa Saa, uliojengwa kuadhimisha Dar es Salaam kupata hadhi ya jiji Desemba 1961. Kipilefti ni chombo chenye akili. Anayeingia anamngoja aliye ndani, anayetoka upande wa kulia kwake, na hakuna taa wala umeme unaohitajika. Kinafanya kazi vizuri pale ambapo pande zote zinaleta magari kwa kiasi kinachokaribiana. Upande mmoja ukizidi, mnyororo wa magari yake haukatiki, na wa pande nyingine hawapati nafasi ya kuingia. Hapo ndipo trafiki anapoitwa, kisha mataa yanafungwa, na baadaye mkandarasi anakuja na nguzo. Mitaa hii ya katikati ilipangwa kwa ajili ya mji mdogo wa Wajerumani, kisha wa Waingereza, waliouacha uwazi wa Mnazi Mmoja kati ya Wahindi na Waswahili ili watu wasichanganyike. Dar kubwa ya leo haikuwamo kwenye ramani hizo, wala haikutoshea kwenye mipango ya jiji ya 1949, 1968 na 1979, yote iliyochorwa na kampuni za nje.

Mtaa wa Samora unakufikisha kwenye sanamu ya Askari. Hapo kwanza alisimama von Wissmann, gavana wa Kijerumani, mpaka Waingereza walipomwondoa. Askari wa shaba aliwekwa mwaka 1927, bunduki mkononi, singe ikielekea bandarini, kwa kumbukumbu ya Waafrika waliopigana na kubeba mizigo katika Vita Kuu ya Kwanza. Magari yanamzunguka polepole, na kila dereva anamwona mwenzake usoni. Pale nilivuka barabara bila kukimbia, jambo ambalo sikuliweza popote kwenye Mandela.

Nilimalizia ufukweni, Barabara ya Barack Obama, hadi karibu na hospitali ya Aga Khan linapoanzia daraja la Tanzanite. Lina urefu wa kilomita 1.03, limejengwa kwa mkopo wa Korea Kusini, na Rais Samia alilizindua Machi 24, 2022 ili kulipunguzia mzigo daraja la zamani la Selander. Lina njia ya waenda kwa miguu, pana na yenye kingo, na vijana walikuwa wakikimbia mazoezi humo. Nililivuka kwa miguu, magari yakinipita kwa kasi. Upande wa Coco niliyakuta yamepanga mstari kuingia Oysterbay, nikayapita moja moja, likiwemo lile jeupe lililonipigia honi katikati ya daraja.