Kucha za mama wa mgombani

Jana jioni nilipita kwenye maonyesho ya wasanii wa hapahapa Moshi, ukumbi mdogo wa jamii, chumba kimoja tu. Nimerudi nyumbani moyo umejaa.

Vinyago na batiki vilikuwepo, vizuri pia. Lakini miguu iliganda mbele ya picha ya mama aliyejitwika mkungu wa ndizi, nyuma yake Kibo imefunikwa nusu na wingu. Sogea karibu: kucha zake zina weusi wa utomvu wa mgomba, ule usiotoka hata kwa sabuni. Mama yangu alikuwa na kucha hizohizo.

“Shikamoo mama, karibu,” mchoraji akanisalimia. Kijana wa Pasua. Anatumia rangi ya mafuta, hii ya kupakia milango, juu ya hadibodi. Nikamkumbuka Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora kule Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi za namna hiyohiyo.

Alitaja shilingi 80,000. Sikuomba apunguze, kazi ya wiki tatu ile! Nimeitundika sebuleni, mkabala na mlango.

Mlioko mjini, piteni kabla ya Jumamosi. Nendeni na watoto.