Simu Ndani ya Ukumbi wa Mihadhara: Nilichokiona Siku Mkongo Ulipokatika

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024, mikongo miwili ya mawasiliano inayopita chini ya Bahari ya Hindi, EASSy na Seacom, ilikatika, na intaneti ikadorora karibu Afrika Mashariki nzima. Sisi wa Tanzania tulikuwa miongoni mwa walioathirika zaidi. Kesho yake saa mbili asubuhi nilikuwa na mhadhara wa takwimu wa mwaka wa kwanza, katika ukumbi wenye wanafunzi wapatao 220, nami niliingia na wasiwasi wangu wa kila siku: kama projekta itawaka na kama kipaza sauti kitafika safu za juu. Nilichokikuta sikukitarajia.

Wanafunzi walikuwa wananitazama. Siku nyingine nikigeuka kutoka ubaoni huona vichwa vimeinama. Asubuhi ile niliona macho. Nilipouliza kwa nini tunapopima mtawanyiko wa sampuli tunagawanya kwa ukubwa wa sampuli ukitoa moja, badala ya kugawanya kwa ukubwa wenyewe, swali ambalo kila mwaka huambulia kimya, mikono minne iliinuka, na mmoja wa waliojibu alikuwa kijana wa safu za juu ambaye sikuwahi kuisikia sauti yake tangu muhula uanze. Jibu lake halikuwa sahihi, lakini lilikuwa kosa la mtu aliyekuwa anafikiri, na tulikaa nalo dakika kumi nzima.

Asubuhi moja haitoshi kuitwa utafiti, na mimi ninayefundisha takwimu ndiye wa mwisho kudai hivyo. Tena asubuhi hiyohiyo ilinionyesha upande wa pili. Kipindi kilipokwisha, binti anayekaa safu ya pili karibu na mlango alinifuata akaniambia, "Samahani mwalimu, mimi leo nimepotea kabisa." Akanifungulia daftari lake. Katika kurasa za wiki zilizotangulia, pembeni, alikuwa ameandika kwa kalamu nyekundu maneno ya Kiingereza niliyoyatumia na maana zake kwa Kiswahili, maneno aliyokuwa akiyatafuta kwenye kamusi ya mtandaoni papo hapo mimi nikiendelea kuzungumza. Ukurasa wa siku ile ulikuwa mtupu pembeni. Nilikuwa nimemwona mara nyingi akishika simu, na kwa kweli moyoni nilikwisha kumweka katika kundi la wasiojali.

Tangu siku hiyo suala la simu na kompyuta mpakato darasani halijaniacha. Kabla ya hapo nilikuwa na jibu moja tu, ambalo wenzangu wengi wanalo hadi leo: hawa ni watu wazima, wengine wanasoma kwa mkopo watakaoulipa wenyewe, na mtu mzima akiamua kuupoteza muda wake mhadhiri hana sababu ya kumfuata kama mtoto wa shule. Jibu hilo lina heshima ndani yake, na sikulitupa kwa urahisi. Lakini linasahau wanafunzi wetu wanatoka wapi. Mwanafunzi wa sekondari nchini haruhusiwi kuwa na simu shuleni. Anamaliza kidato cha sita, anaingia chuoni, anapata fedha za kujikimu mkononi mwake kwa mara ya kwanza, ananunua simu na bando, na kuanzia wiki ile hakuna mtu yeyote anayemwambia neno juu ya namna ya kukaa na chombo hicho saa mbili mfululizo. Tunamtoa kwenye katazo kamili na kumwingiza kwenye ruhusa kamili, kisha tunashangaa anapoyumba.

Kilichonibadilisha zaidi ni kwenda kukaa nyuma. Mwenzangu mmoja aliniruhusu nihudhurie mhadhara wake kutoka safu ya mwisho, na kwa kuwa ukumbi wetu una ngazi, kutoka juu unaona kila kioo kilichowashwa mbele yako. Palikuwa na mtu anayesoma nukuu za somo, na mwingine aliyepiga picha ubao kwa sababu macho hayakufika. Lakini mbele yangu, safu mbili chini, kijana alikuwa akipanga mkeka wa kubashiri mechi za jioni, anaongeza timu, anatoa timu, anahesabu upya. Jirani yake wa kushoto alikuwa na daftari na kalamu tu. Nilimtazama huyo jirani kwa muda mrefu. Kila namba zilipobadilika kwenye kioo, shingo yake iligeuka, akarudi kwenye daftari, akakuta mhadhiri amekwisha kuvuka mstari mwingine wa hesabu, akauruka, akaacha nafasi. Nilihesabu nafasi tatu kama hizo kabla ya kipindi kwisha. Mimi mwenyewe, niliyekwenda pale kwa makusudi ya kuangalia, nilijikuta najua timu zote za mkeka ule na sikumbuki hoja ya pili ya mhadhara.

Baadaye nilikuta kwamba jambo hili limepimwa. Watafiti wa vyuo vikuu vya McMaster na York nchini Kanada, katika makala iliyochapishwa mwaka 2013, waliwaweka wanafunzi kwenye mhadhara na kuwapa baadhi yao kazi za pembeni za kufanya kwenye kompyuta. Waliofanya kazi hizo walipata alama zilizokuwa chini kwa asilimia 11 katika jaribio lililofuata. Hilo halishangazi. Katika jaribio lao la pili waliwaangalia wale waliokuwa wakiandika kwa karatasi na kalamu huku wakiona kioo cha mwenzao anayefanya mambo mengine, na hao walishuka kwa asilimia 17 wakilinganishwa na waliokaa mahali pasipo na kioo cha namna hiyo. Hapo ndipo hoja yangu ya utu uzima ilipoanguka. Mtu mzima ana haki ya kuuchezea muda wake, lakini yule kijana wa daftari na kalamu hakuulizwa.

Wapo wanaosema matokeo ya maabara ni ya maabara. Basi kuna West Point, chuo cha jeshi la Marekani, ambako madarasa ni madogo na mwalimu anamjua kila mwanafunzi. Wachumi watatu waligawa madarasa ya utangulizi wa uchumi katika makundi: baadhi vifaa vilipigwa marufuku, mengine yaliruhusiwa bila masharti, na mengine yaliruhusiwa vishikwambi tu, vikiwa vimelala juu ya meza ambapo mwalimu anaviona. Katika matokeo waliyoyachapisha mwaka 2017, makundi yote mawili yaliyoruhusiwa yalifanya vibaya zaidi kwenye mtihani wa mwisho. Pengo halikuwa la kutisha, lakini lilitosha kumshusha mtu aliye ukingoni mwa daraja, na ikiwa hali ni hiyo kwa askari wanafunzi waliozoea amri, sioni sababu ya kutegemea nafuu katika ukumbi wangu wa watu 220. Hoja ya kwamba kuandika kwa mkono hukaza kumbukumbu kuliko kuchapa siitumii sana. Utafiti maarufu wa mwaka 2014 ulioisimamisha ulirudiwa na wengine, na matokeo ya marudio hayo yaliyotoka mwaka 2021 hayakuiona tofauti ileile katika alama. Isitoshe, wanafunzi wangu wengi hawana kompyuta mpakato, na sijamwona anayeandika nukuu za takwimu kwa kidole gumba.

Njia ya kuzima mtandao nayo haitufai. Shule ya sheria ya Chuo Kikuu cha Chicago ilifanya hivyo mwaka 2008, ikakata intaneti kwenye madarasa yake mengi. Hapa kwetu mwanafunzi anaingia na bando lake mfukoni, na chuo kikizima mtandao wake atakayeumia ni yule asiye na fedha za bando.

Marufuku kamili nayo siwezi kuitetea, kwa sababu ninajua simu ni nini kwa wanafunzi hawa. Kitabu chetu cha kiada kiko maktaba nakala chache mno kwa darasa zima. Wengi wamekisoma chote, tangu ukurasa wa kwanza, kwenye kioo cha simu. Wakati wa mgao wa umeme wa mwishoni mwa 2023 projekta ilizimika katikati ya mfano mrefu, nami nikawaambia wafungue faili nililowatumia kwenye kundi la darasa, na tukamaliza mfano ule gizani, kila mtu na mwanga wake. Yupo pia mwanafunzi wangu asiyeona, ambaye simu humsomea maandishi kupitia sikio moja huku jingine likinisikiliza mimi. Nikisema "simu marufuku isipokuwa fulani", nimemtangaza mbele ya watu 219.

Kwa hiyo muhula huu nimejaribu jambo ambalo bado ninalirekebisha. Simu zinakaa ndani ya mikoba mhadhara unapoendelea, na ninatamka wazi wakati zinapotoka: kufungua jedwali, kukokotoa, kutafuta data halisi kwenye tovuti ya Ofisi ya Taifa ya Takwimu. Anayehitaji kifaa muda wote, kwa sababu yoyote ile, anakaa safu za nyuma kabisa pembeni, mahali ambapo kioo chake hakimkabili mtu, wala simuulizi sababu. Yule mwanafunzi asiyeona amebaki mbele alipozoea, kwa kuwa simu yake huiweka kioo kikiwa kimezimwa na haimsumbui mtu. Nami nimelazimika kubadilika. Saa mbili za kusoma slaidi kwa sauti haziwezi kudai macho ya mtu yeyote, kwa hiyo nimezipunguza slaidi, ninaandika ubaoni, na kila dakika 20 ninasimama wajadiliane wawili wawili. Kazi hii inachosha kuliko nilivyodhani, na safu za juu bado zinanishinda siku nyingine.

Kwa ajili ya binti wa kalamu nyekundu, na wengine ambao sasa najua ni wengi, ninatuma kila Ijumaa orodha ya istilahi za wiki inayofuata kwa Kiingereza na Kiswahili. Wiki iliyopita alikuja tena baada ya kipindi, akaniambia neno moja kwenye orodha nimelitafsiri vibaya, na alikuwa sahihi. Tumelisahihisha pamoja, na orodha ya Ijumaa hii nimemwomba aipitie kabla sijaituma.