Mwenzetu alianguka na pikipiki akiwahi futari

Nataka niandike hii kabla Ramadhani nyingine haijaingia maana tangu ile siku haijanitoka kichwani. Mwenzetu kazini alikuwa kafunga, kikao kilichotakiwa kiishe saa kumi jioni kikavutwa weee mpaka magharibi inakaribia, kila mtu ana "neno moja tu" la mwisho, yeye kakaa kimya kwa adabu zake. Kilipoisha akatoka mbio, akawasha pikipiki, kona ya kwanza tu nje ya geti akateleza chini, pikipiki ikamlalia mguu.

Nilikuwa natembea nyuma yake. Mafunzo ya huduma ya kwanza nilishawahi kupata, na kilichonijia kwanza ni kwamba usimkimbilie majeruhi kabla hujaangalia barabara, ukigongwa na wewe mtakuwa majeruhi wawili. Nikamwambia mmoja asimame kule nyuma asimamishe magari, mwingine azime injini, wawili wakainyanyua pikipiki, halafu nikamwonyesha mtu mmoja kwa kidole, wewe, piga simu ya ambulensi, sababu ukisema jamani pigeni simu kila mtu anajua mwenzake anapiga.

Sasa helmeti. Watu walishaanza kuivuta na hapo nilipiga kelele kweli. Mtu anapumua vizuri, anaongea, helmeti inabaki kichwani mpaka wataalamu waje, unamfungulia kioo tu apate hewa, maana kama shingo imeumia ukiivuta unaweza kumpoozesha. Inavuliwa pale ambapo hapumui, au anatapika na huwezi kuufikia mdomo wake, na hapo wanahitajika watu 2, mmoja kashikilia kichwa na shingo visicheze, mwingine anaivua taratibu. Mi nilipiga magoti nikamshika kichwa huku na huku nikawa namwongelesha. Mguu ulikuwa unatoka damu, tukakandamiza kwa kitambaa safi bila kufunua funua kuchungulia. Alikuwa ameungua pia na bomba la moshi, hapo ni maji ya kawaida yanayotiririka dakika 20, sio dawa ya meno.

Magharibi ikaingia yuko pale chini. Dada mmoja wa ofisini akaja na chupa ya maji, machozi yanamtoka, anasema mpeni afuturu jamani. Nikamkatalia na iliniuma sana, mtu hajaweka kitu mdomoni tangu alfajiri na midomo imemkauka, lakini majeruhi ambaye huenda akapasuliwa hapewi chochote, anaweza kutapika akiwa kwenye usingizi wa dawa na matapishi yakaingia kwenye mapafu. Tulimlowanisha midomo tu. Ambulensi ilipofika kitu cha kwanza nilichowaambia ni kwamba amefunga, hajala wala kunywa tangu alfajiri, wakampima sukari palepale, maana mtu akianza kuchanganyikiwa lazima wajue ni kichwa kimeumia au sukari imeshuka. Hilo la kusema amefunga wengi wanalisahau.

Alipona, baada ya muda mrefu wa kutembelea magongo. Nilimwomba msamaha, kwa sababu mmoja wa wale wenye neno moja tu nilikuwa mimi. Akaniambia angeweza kuomba ruhusa atoke, ila aliona aibu kuomba kila siku mwezi mzima.

Kwahiyo sisi hatusubiri tena mtu aombe. Mwezi ule vikao vyote ni asubuhi, kazi za nguvu nazo asubuhi, na anayefunga akitaka kufanya kazi saa ya chakula cha mchana atoke mapema, anatoka. Kumi la mwisho watu wanakesha kwenye ibada, usingizi ni mdogo, kwahiyo hatumtumi mtu safari ndefu ya pikipiki jioni. Tende na maji tunaweka ofisini ili aliyechelewa afuturu hapohapo, atulie, ndo aende. Na kila mwaka naangalia kalenda upya maana Ramadhani inarudi nyuma kama siku 11, na mwisho wake ni mwezi kuandama, siku 29 au 30, kwahiyo likizo ya Idi tunaacha siku 2 wazi, asije mtu akaanza kubembeleza usiku wa mwandamo.