Karani wa mizani, umio wenye mzio

Saa 12 asubuhi, Mikindani, Mtwara. Chai ya rangi na muhogo wa kuchemsha kwanza, dawa baadaye. Dawa ni pampu ya flutikasoni, ileile ya wenye pumu, nami pumu sina. Changu ni uvimbe wa umio (njia ya chakula toka kooni hadi tumboni) unaoletwa na mzio, kitaalamu eosinophilic esophagitis. Nabana pumzi, napuliza mdomoni, nameza. Inatakiwa kutua kwenye umio, si mapafuni. Nasukutua na kutema, maana mabaki yake huleta fangasi mdomoni. Kisha nusu saa sili wala sinywi, dawa isije ikasombwa.

Saa 1:30, ghala la chama cha msingi. Msimu wa korosho umepamba moto. Shikamoo babu, weka gunia, soma mizani, andika. Hadi saa 4 ni hivyo tu.

Saa 4. Mama ntilie kaja na chapati na chai ya maziwa. Ngano na maziwa ndivyo vinara wa kuchokoza ugonjwa huu. Nyuma yake kuna mayai, soya, karanga, samaki. Mimi nimeachishwa ngano na maziwa.

"Karani unaringa."

"Siringi mama, koo linagoma."

Wapagazi nao huuliza kama mchawi wangu ni korosho. Mpaka sasa hazijatuhumiwa.

Saa 7. Ugali wa muhogo na kisamvu. Kusini tumebarikiwa, ngano hatuili sana. Nyama kavu naiogopa bado, isije ikakwama. Miaka mingi nilitibiwa kiungulia. Omeprazoli, dawa ya kupunguza asidi tumboni, huwatosha baadhi ya wenye ugonjwa huu, mimi haikunitosha. Jibu lilipatikana Dar es Salaam: kamera ikashushwa kooni, vikachunwa vipande sehemu mbalimbali za umio, na darubini ikaonyesha eosinofili, chembe nyeupe za damu zinazoendana na mzio. Zikifika 15 au zaidi katika eneo moja la darubini, na dalili zipo, daktari huanza kuushuku ugonjwa huu. Ukiachwa, umio hufanya makovu na kusinyaa, hata ukahitaji kutanuliwa.

Saa 10. Mzee mmoja ananinong'oneza kuwa naye kila tonge hulisukuma kwa maji. Nimemwambia aende hospitali, asizoee. Na siku tonge likikwama hata mate hayapiti, hiyo ni dharura, asisubiri kuche.

Saa 3 usiku. Pampu tena, kisha kitandani. Nauli ya Dar naidunduliza. Kamera lazima irudiwe, kwa sababu koo linaweza kutulia huku uvimbe ukiendelea.