Usiku wa Ijumaa

Jana baada ya adhana ya magharibi mama alimwita binti yangu uani, akamwambia aoge upesi ashike juzuu yake, maana ni usiku wa Ijumaa. Mtoto akabaki ameshika ndoo. "Bibi, leo si Alhamisi? Mwalimu ameandika ubaoni Alhamisi."

"Jua limeshazama, mjukuu wangu. Alhamisi imekwisha."

Akanigeukia mimi. "Baba, nani kasema kweli?"

Nikatoka nje bila kumjibu. Swali hilo nimeshakutana nalo mahali pengine, na siku ile lilimkosesha mzee wa watu safari yake.

Nina maktaba ndogo ya Python, yaani kipande cha programu ambacho waandishi wengine hukitia ndani ya programu zao, inayochukua saa na tarehe za kompyuta na kuziandika kwa Kiswahili: 20:00 inakuwa saa mbili usiku, 05:30 inakuwa saa kumi na moja na nusu alfajiri. Ni ya chanzo huria. Anayetaka anaitumia, anayeona kasoro analeta marekebisho. Novemba 2024 kijana mmoja wa Mombasa alileta marekebisho yaliyonigusa moyo. Alisema msimbo wangu unabadilisha siku saa sita usiku, kama Wazungu, wakati kwa watu wa pwani usiku hutangulia mchana wake. Alhamisi jua likitua, usiku unaoingia ni wa Ijumaa. Nilimsoma yeye, nikawa namsikia mama. Hata Ramadhani tunaianza hivyo: mwezi ukiandama, tarawehe ya kwanza inaswaliwa usiku uleule, kabla mtu hajafunga hata siku moja.

Nikaupokea mchango wake usiku huohuo. Majaribio yote, yaani vipimo vinavyohakikisha programu inatoa jibu linalotarajiwa, yalipita. Nikabadilisha namba kutoka 1.3.2 kwenda 1.4.0, nikaandika mistari miwili kwenye orodha ya mabadiliko, nikaweka tagi kwenye Git, panapotunzwa historia ya msimbo, nikajenga kifurushi na kukipakia PyPI, ghala la mtandaoni ambako watu huchukua maktaba za Python. Chai niliyokuwa nimeiweka pembeni ilikuwa bado ya moto.

Kwa msiotoa matoleo, namba zile tatu zina maana yake. Ya mwisho ikipanda, kuna kasoro imerekebishwa. Ya kati ikipanda, kuna kipya kimeongezwa na cha zamani hakijaguswa. Ya kwanza ikipanda, unamwambia mwenzako asimame asome kwanza, kwa sababu kilichofanya kazi jana huenda leo kisifanye. Ni ahadi, na unamwahidi mtu usiyemjua. Yeye ameiandika programu yake ichukue yenyewe toleo lolote jipya, mradi namba ya kwanza ni ileile. Ameshaweka imani, hayupo tena kuangalia.

Mimi nilipandisha ya kati. Na ishara ilikuwa mbele ya macho yangu. Majaribio yalipita kwa sababu kijana yule alibadilisha na majaribio yenyewe. Jaribio la zamani lilitaka saa tatu usiku ya tarehe 14 iandikwe "Alhamisi, saa tatu usiku". Akalifuta, akaandika "usiku wa Ijumaa, saa tatu". Niliiona mistari ile, wa zamani kwa rangi nyekundu na mpya kwa kijani, nikapita kwa sababu mpya ulinipendeza. Jaribio la zamani likilazimika kubadilishwa ndipo lipite, kuna mtu mahali fulani ambaye programu yake imeshaharibika, hata kama bado hajajua. Leo nikiona hivyo nafunga kompyuta, nalala, naamka kusoma upya.

Mtu huyo alikuwa rafiki yangu wa Lindi, anayekatia watu tiketi za basi na kuwatumia ujumbe wa simu kuwakumbusha. Jumatano seva yake ilijengwa upya, ikachukua 1.4.0. Alhamisi asubuhi abiria wa basi la usiku la kutoka Mtwara kwenda Dar wakapata ujumbe kuwa safari yao ni usiku wa Ijumaa, saa tatu. Karibu wote walikuwa wanaijua siku yao, wakaja. Mmoja hakuja.

Ijumaa jioni simu ikaita. "Ndugu yangu, umegusa nini kwenye maktaba?" Sauti yake haikuwa ya ugomvi, na hiyo ndiyo iliyonitisha. "Kuna mzee yuko stendi hapo kwenu. Nenda kamwone, mimi niko mbali."

Ulikuwa msimu ule ambao korosho ilipita shilingi 4,000 kwa kilo. Stendi ilijaa watu waliotoka kulipwa, mabati, magodoro, pikipiki mpya zikipakiwa juu ya magari, na harufu ya mabibo yaliyoiva ikitoka kwenye ndoo za kina mama. Nilimtambua kabla sijauliza. Alikaa juu ya begi lake la kitambaa, mgongo umenyooka, kanzu safi imepigwa pasi, na mapajani ameshika mfuko wa korosho zilizobanguliwa za kumpelekea mwanawe. Jicho la kulia lilikuwa limefunikwa na weupe kama ute wa yai lililochemshwa. Kando yake alisimama mjukuu, kijana wa kidato cha pili hivi, simu mkononi, akiangalia chini.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye wa basi?"

Nilichuchumaa mbele yake. Nikamwambia mimi si wa basi, ila maneno yaliyokuja kwenye simu yanatokana na kazi yangu. Kijana akaninyooshea ile simu bila kusema kitu. Kioo chake kilikuwa na ufa uliopita katikati ya ujumbe. *Usiku wa Ijumaa, saa tatu.* Ilikuwa mara ya kwanza kuyaona maneno ya maktaba yangu kwenye simu ya mtu nisiyemjua.

"Jana nilimwambia," mzee akasema. "Nilisema, usiku wa Ijumaa si ndio huu? Nikashavaa. Mtoto akaniambia hapana babu, leo Alhamisi, Ijumaa ni kesho. Yeye ndiye anayesoma. Nikavua."

Alilisema lile neno la mwisho polepole, na mkono wake ukapanda hadi kwenye kifungo cha kanzu shingoni, ukakigusa, ukashuka. Kisha akafungua nailoni iliyokunjwa mara nyingi, akatoa kadi ya kliniki ya macho. Tarehe 15 Novemba, kwa kalamu ya bluu. Ilikuwa tarehe 15, jua limekwisha kuzama, na Dar ni zaidi ya kilomita 500.

"Babu, ujumbe ulisema Ijumaa," kijana akasema, sauti imekwama kooni.

"Ulisema kweli," mzee akamjibu. "Na wewe ulisema kweli." Akatia mkono kwenye mfuko, akatoa korosho kiganja kizima, akanipa.

Nilizila pale pale, nimechuchumaa, kwa sababu sikujua namna nyingine ya kuzipokea. Mzee aliuelewa ujumbe sawasawa. Kijana wa Mombasa alikuwa amemwandikia yeye, na watu wa rika lake, kwa lugha yao wenyewe. Aliyekosea ni msomaji niliyemfikiria mimi miaka yote, kijana mwenye simu.

Walilala kwetu. Mama alipoisikia habari alimpa mzee chumba chake. Rafiki akaahidi tiketi nyingine, nami nikagharamia, na kliniki ikakubali kumsogezea siku. Usiku ule nililitenga toleo la 1.4.0 kule PyPI, ili anayeomba toleo jipya lolote asipewe lile. Aliyelitaja kwa namba yake kamili bado analipata. Kulirekebisha kimyakimya na kulipakia tena kwa namba ileile haiwezekani, na nadhani ni vizuri isiwezekane. Nikatoa 1.4.1 yenye mwenendo wa zamani. Nikamwandikia kijana wa Mombasa kuwa kazi yake ilikuwa njema na kosa la namba ni langu.

Kazi yake ilirudi baadaye kwenye 2.0.0. Humo maktaba haiamui yenyewe: mwandishi wa programu lazima aseme kama siku inaanza magharibi au saa sita usiku, asiposema inakataa kufanya kazi. Kuna wanaonilalamikia kwamba ni usumbufu. Mimi kinachonikera ni kingine. Huenda nimeuhamisha tu mzigo, nikamtwisha mtu aliyeko mbali zaidi na mzee yule kuliko nilivyokuwa mimi. Nimeandika na kufuta rasimu tatu za njia bora, na hakuna iliyonikaa.

Usiku, binti yangu alipomaliza juzuu yake, alikuja kukaa karibu nami akisubiri jibu. Sikuwa nalo. Nilimsimulia tu habari ya simu niliyompigia mzee wiki ile, kwa sababu sikutaka tena ujumbe uende peke yake.

Nilimsomea mimi mwenyewe ujumbe wa tiketi yake mpya, neno kwa neno: "Jumatano, tarehe 20, saa tatu usiku."

Mzee akanyamaza. Nilisikia jogoo upande wake.

"Kwa hiyo ni usiku wa Alhamisi," akasema.

"Ndiyo, mzee wangu. Usiku wa Alhamisi."