Sabufa isiyo na boksi: nilivyoipata besi safi sebuleni

Sebule yangu ni mita nne kwa tatu na nusu, kuta za tofali za saruji, chini vigae. Ni chumba kizuri cha kukaa na kibaya kwa besi. Sauti inayokwenda na kurudi kati ya kuta mbili hujikuza pale nusu ya wimbi inapolingana na umbali wa kuta hizo, na kwa mita nne hapo ni karibu hezi 43, yaani mitikisiko 43 kwa sekunde. Uzi mnene wa gitaa la besi, ukipigwa bila kubanwa, unatoa hezi 41. Basi mpiga besi wa dansi au wa taarab ya kisasa akiugusa tu, nyumba inavuma, na nota zinazofuata zinamezwa humo humo. Sabufa yangu ya boksi haikuwa na ubaya. Ilimwaga besi pande zote, chumba nacho kikafanya yake.

Njia niliyoifuata ni ile aliyoitetea kwa miaka mingi Siegfried Linkwitz, mhandisi mzaliwa wa Ujerumani aliyefanya kazi Hewlett-Packard huko California na kufariki mwaka 2018. Wapenzi wa spika wanamjua kwa krosova ya Linkwitz-Riley, saketi inayogawa sauti nzito na nyembamba kati ya spika, lakini pia alijenga spika ambazo besi yake haina boksi. Koni, ule utando wa spika unaotikisika, ikisukuma hewa kwa mbele, kwa nyuma inavuta. Mawimbi hayo mawili yanakutana ubavuni yakiwa kinyume, yanafutana. Kinachobaki kinakwenda mbele na nyuma tu. Msikilizaji anapata sauti ileile kwenye kiti chake, lakini jumla ya nguvu ya sauti inayotoka ni theluthi moja ya ile ya boksi, kwa hiyo chumba hakichokozwi sana.

Ubaya ni kwamba kufutana hakuishii ubavuni. Nota ikishuka, hata mbele besi inapungua. Ikiwa njia ya sauti kutoka mbele ya koni kuzunguka hadi nyuma ni nusu mita, chini ya hezi 116 hivi unaanza kupoteza desibeli 6 za ukubwa wa sauti kwa kila oktava, yaani kila hezi zinapopungua kwa nusu. Ukifika hezi 30 umepoteza karibu 12. Huwezi kuzidai kwa ujanja. Unazilipa kwa koni kubwa, kwa mwendo mrefu wa koni, na kwa umeme.

Ndiyo maana sikutaka inchi 12. Inchi 15 ina eneo la koni linalozidi mara moja na nusu ya ile ya 12, nami nilichukua mbili kwa kila upande. Kariakoo muuza spika alinionyesha zile zenye sumaku nzito kama jiwe la kusagia, akazisifu sana. Kwa boksi angekuwa sahihi. Sumaku kali huibana koni, na bila boksi koni iliyobanwa inakosa besi mapema. Nilikuwa natafuta spika ambayo karatasi yake ya vipimo inaonyesha Qts (namba inayoshuka kadiri koni inavyobanwa) karibu na 0.7 na mlio wa asili chini ya hezi 30. Niliishia kwenye aina ambayo muuzaji mwenyewe aliiona dhaifu, na bei ikawa ya kirafiki.

Fremu nilichongesha Keko, kwa plaiwudi ya milimita 18. Ukiitazama kwa juu ni herufi H: ubao wa katikati unaobeba spika mbili, moja juu ya nyingine, na kuta za pembeni zinazotokeza mbele na nyuma. Upana sentimita 45, kina 45, kimo kama 90. Fundi alipomaliza akasimama akaizunguka.

"Kaka, huku nyuma nafunika na nini?"

"Hufuniki, fundi. Inabaki hivyo."

"Hii sasa si spika, ni kabati lililokosa milango."

Spika ya juu nimeifunga ikitazama mbele, ya chini ikitazama nyuma, halafu waya za ile ya chini nikazigeuza ili koni zote ziende upande mmoja kwa wakati mmoja. Kasoro za mwendo za spika moja zinapunguzwa na za mwenzake. Kuhakikisha ni rahisi: gusa waya kwa betri ndogo ya volti 1.5, tazama koni zinaelekea wapi. Zikipingana, besi hutaipata hata ununue amplifaya ya ukumbini. Kwa kuwa koni zinasukuma pamoja, fremu nayo inataka kutikisika, hivyo chini nimeweka msingi mzito wa zege.

Kwenye umeme ndipo watu wengi hukosea hesabu. Kurudisha desibeli 12 ni kuzidisha nguvu karibu mara 16. Sauti inayotaka wati 10 kwenye hezi 116 itataka kama 160 kwenye hezi 30. Spika zangu ni omu 8 kila moja. Mbili sambamba zinakuwa omu 4, na kila fremu inapata chaneli yake ya amplifaya ya klasi D, aina isiyopoteza umeme mwingi kwa joto, yenye wati 300 kwa omu 4. Feni haina, jambo ambalo kwa sebuleni nalithamini kuliko wati 100 za ziada. Kabla yake kuna prosesa ndogo ya kidijitali inayofanya kazi tatu: inainua besi taratibu kadiri nota inavyoshuka, inakata kila kitu juu ya hezi 100 kwa mteremko wa desibeli 24 kwa oktava, na inazuia yaliyo chini ya hezi 25. Hiyo ya mwisho usiiache. Ndani ya boksi hewa huizuia koni kama springi. Hapa hakuna kitu, na mlipuko mmoja wa filamu unaweza kuitoa koili kwenye njia yake. Kukata juu nako kuna sababu: uwazi wa fremu una mlio wake kati ya hezi 200 na 300, na hutaki kuusikia.

Nimeziweka mita moja kutoka ukuta wa nyuma. Nilipima kwa maikrofoni na REW, programu ya bure ya kupima sauti ya chumba, na ule mlima wa hezi 43 umebaki kilima tu. Mstari wa besi kwenye rumba za Kongo sasa unafuatika nota kwa nota, hata sauti ikiwa ndogo usiku.

Kwa filamu bado natumia boksi la zamani. Mtu anayetaka kifua kitikisike kwenye hezi 20 asijisumbue na fremu hizi. Atahitaji spika nyingi zaidi ya nafasi aliyonayo. Na mke wangu anauliza kama kweli lazima zikae mita nzima kutoka ukutani.